Nyambizi Ndani ya Ziwa Nakuru

Mliocheza gemu za nyambizi kama Silent Hunter III (2005) mnajua: ramani ikikosea kina, chombo kinagonga chini. Najaribu kutengeneza ramani kama hiyo ya ziwa letu hapa Nakuru. Data ya bure ipo: chombo cha angani Endeavour kilipima sehemu kubwa ya dunia kwa rada Februari 2000.

Rada ile haipenyi maji, kwa hiyo ziwa linatokea bapa kama meza. Lakini tangu miaka ya 2010 maji yamepanda na kumeza lango kuu la mbuga na nyumba za watu Mwariki na Barut. Huko rada ilikuta nchi kavu. Basi toa kimo cha ardhi ya 2000 katika kimo cha maji yalipofika, unapata kina. Sehemu pekee yenye kina kwenye ramani yangu ni pale watu walipokuwa wakilala.

Nukta moja ni kama mita 30 kwa 30, karibu ploti mbili za futi 50 kwa 100, na kimo kinaweza kukosea mita kadhaa. Gemu itavumilia. Mwenye nyumba, mita moja tu inamhamisha. Wadau, tusiuze ramani ya gemu kama ramani ya mafuriko.