Barafu ya Mbali na Kiwanja cha Pwani



Leo sizungumzii mitindo ya magauni wala singo. Nazungumzia barafu, tena hasa udongo ulio chini yake. Najua kuna atakayesema fundi kapotea njia. Sijapotea. Wengi wetu tunaolewa pwani, tunarithi pwani, na siku hizi wapo wanaopewa mahari ya viwanja vya pwani. Bahari nayo inapanda. Jopo la Umoja wa Mataifa la wanasayansi wa tabianchi linasema kati ya 1901 na 2018 ilipanda sentimita 20 hivi duniani, na mwendo wake unaongezeka.

Mimi nilianza kufuatilia kwa sababu ya urithi. Marehemu baba, Allah amrehemu, aliacha vipande viwili: kimoja ufukweni, kimoja juu kando ya barabara. Kaka zangu wakapendekeza fungu langu liwe la ufukweni, maana ndiko kwenye wageni na duka langu litauza. Hawakunidhulumu, kwa bei ya leo ndicho cha ghali. Lakini nina binti wa miaka saba. Nikajiuliza, akija kurithi yeye, kitakuwepo?

Nikatafuta jibu moja tu: maji yatapanda kiasi gani? Ripoti ya jopo hilo ya 2021 inasema kufikia 2100 inaweza kuwa sentimita 30 au karibu mita 1, kutegemea moshi utakaoendelea kumwagwa hewani. Halafu inaongeza kwamba hata kukaribia mita 2 hakuwezi kuondolewa kabisa. Jamani! Ni kama mteja akuambie kiuno chake ni kati ya inchi 26 na 60, ukate kitambaa. Sababu kubwa ya pengo hilo ni barafu ya Antaktika, kule kusini kabisa mwa dunia, na namna ilivyokaa juu ya ardhi yake.

Nianzie jikoni. Tia vipande vya barafu kwenye glasi, jaza maji mpaka ukingoni, usubiri. Vikiyeyuka, maji hayamwagiki. Barafu inayoelea tayari imeshachukua nafasi yake. Inayoongeza bahari ni ile iliyokaa juu ya ardhi ikateremka kuingia majini. Kwa hiyo la kuuliza ni nini kinachoishikilia isiteremke.

Hapo mafundi wenzangu mtanielewa haraka. Tandaza satini juu ya meza iliyopigwa vanishi, upande mmoja uning'inie. Ukigeuka kuchukua mkasi, yote iko chini. Tandika kwanza shuka ya pamba, satini ile ile inatulia. Barafu ni hivyo hivyo. Ikilalia mwamba wenye mabonge inakwaruza na kwenda polepole. Ikilalia tope laini lililolowa, inateleza. Na maji huko chini yapo, ingawa juu ni baridi ya kuua. Joto la ardhi linapanda kutoka chini, na barafu yenyewe inalifunika kama blanketi. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walitoboa mita 800 za barafu wakafika kwenye ziwa la Whillans, wakakuta maji na vijidudu hai ndani yake. Subhanallah, kiza kile chote na kuna riziki.

Sasa kuna mto wa barafu uitwao Thwaites, magharibi mwa Antaktika. Upana wake ni kilomita 120 hivi, na barafu yake ikiisha yote bahari za dunia zitapanda kama sentimita 65. Ardhi uliyoilalia iko chini ya usawa wa bahari, na kila ukiingia ndani inazidi kushuka, kama bakuli. Maji ya bahari yenye joto kidogo (kwetu sisi yangegandisha vidole) yanapenya kwa chini na kuila. Barafu ikirudi nyuma hatua moja, inasimama kwenye kina kikubwa zaidi, ukingo wake unakuwa mnene zaidi, na inayomwagika inaongezeka. Ingekuwa ardhi inapanda kuelekea ndani, ingejishika. Umbo la bakuli ndilo linalowatia hofu wataalamu.

Bakuli hilo wamelionaje? Kwa ndege zenye rada, inayopiga barafu mpaka mwamba na kurudi, kama altrasaundi kwa mjamzito. Na Januari 2020 timu ya Marekani na Uingereza ilitoboa shimo la karibu mita 600 kwa maji ya moto, ikateremsha roboti jembamba liitwalo Icefin. Aliyeongoza kazi ya roboti hilo ni mwanamke, Britney Schmidt. Palipo sawa, barafu ilikuwa inayeyuka taratibu kuliko walivyohofia. Kwenye nyufa na vidaraja, inaliwa kwa kasi. Hili halikunishangaza hata kidogo, gauni huanza kuachia kwenye mshono.

Kuna la kufariji pia. Uzito ukipungua, ardhi iliyokandamizwa hunyanyuka, kama godoro ukiinuka. Utafiti uliotoka 2018 ulipima sehemu ya pwani ile ikipanda milimita 41 kwa mwaka, haraka mno kwa ardhi. Ikinyanyuka vya kutosha inaweza kuisaidia barafu kushika. Mimi nimefurahi kulijua hilo, ila siwezi kulijengea nyumba.

La kuudhi ni hili. Barafu nyingi kiasi hicho huvuta maji ya bahari kwake. Ikipungua, huyaachia, na maji huja kupanda zaidi mbali nayo. Bahari yetu ya Hindi ni miongoni mwa zitakazopata zaidi ya wastani. Moshi tumechangia kiasi gani sisi?

Kaka zangu nimewaambia fungu la ufukweni nalipokea, nitaweka duka la mbao na makuti, la kuvunjika na kuhamishika. Nyumba ya mawe ya kumwachia mtoto nitaitafutia ardhi ya juu, polepole, kwa pesa za cherehani inshaallah.

Na wewe bi harusi unayeahidiwa kiwanja cha pwani, usione haya kuuliza kabla ya ndoa, mahari ni haki yako. Nenda siku ya bamvua kubwa, uone maji yanafika wapi. Waulize wazee wa hapo zamani yalikuwa yakiishia mti gani. Halafu nenda tena wakati wa kiangazi, uteke maji ya kisimani uyaonje mwenyewe kama yana chumvi.