Wachoraji Walionifundisha Kusikiliza Mtaa

Jarida la Sani halikuingia nyumbani kwetu likiwa jipya. Lilianzia kwa jirani yetu kondakta, likapita kwa kinyozi, kisha kwa kaka yangu. Lilipofika mikononi mwangu jalada lilishang'oka na kurasa zimelegea kama kanga kuukuu. Sikujali. Nilichotaka ni Madenge na utundu wake, Ndumilakuwili na utapeli wake, na Lodi Lofa aliyejiona mtanashati hata mfukoni pakiwa patupu.

Niliwanakili wote. Nilipaka karatasi ya daftari mafuta ya kupikia kidogo, nikaifuta kwa kitambaa mpaka ikapitisha mwanga, nikailaza juu ya ukurasa na kufuatisha mistari kwa penseli. Mkono ukipita juu ya mstari wa mtu mwingine unajifunza mambo ambayo jicho huyaruka: kwamba tapeli huinamisha bega upande wa anayemlaghai, kwamba njaa huonekana shingoni kabla ya tumboni. Sikujua wakati ule kwamba wengi wa wahusika wale walibuniwa na Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986 akiwa bado kijana, na kwamba wachoraji wengine ndio waliowaendeleza.

Lakini kilichonishika zaidi ni maneno. Watu wale walizungumza kama tulivyozungumza sisi bombani na kwenye foleni ya duka la kaya. Aliyewachora alikuwa amekaa vijiweni, akasikia, kisha akarudi mezani. Wazazi wetu nao walikuwa na wa kwao: Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, aliyeanza miaka ya 1960. Baba alimtaja kama mtu anayemfahamu, na watu wa rika lake waliziita katuni zote vichakubanga.

Mambo yaligeuka miaka ya 1990. Vyama vingi viliporudi Tanzania mwaka 1992 na magazeti binafsi yakaongezeka, mchoraji alianza kuamkia taarifa ya habari badala ya kijiwe. Mwaka huohuo Godfrey Mwampembwa, yaani Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam, alikwenda Nairobi kuchorea gazeti la Nation. Nilimfuatilia kwa karibu sana. Alipomchora mwanasiasa wa Kenya Uhuru Kenyatta akiburuta pingu na mpira wa chuma mguuni kwa sababu ya kesi yake kwenye mahakama ya The Hague, hakuhitaji kuandika maelezo. Msukumo wake haukutoka magazetini peke yake. Vikaragosi vya XYZ Show, vilivyoanza kuonekana kwenye televisheni ya Kenya mwaka 2009, alivibuni baada ya kuvutiwa na kipindi cha Ufaransa cha Les Guignols. Huku kwetu Masoud Kipanya akawa anatueleza nchi kupitia panya mdogo, na watu wengi niliowajua walianza gazeti kwa katuni yake kabla ya kusoma habari yoyote.

Nilifurahia ujasiri ule, na bado naufurahia. Ila naona tulipoteza kitu. Katuni ya siasa huisha na habari yake. Baada ya mwezi unahitaji kumwuliza mtu ilihusu nini. Madenge hakuhitaji kuelezwa.

Sasa nafundisha watoto kuchora siku za Jumamosi. Wanachora kwenye simu na tableti, na mikono yao ni myepesi kuliko yetu ilivyokuwa. Wengi wanaanza na Naruto, shujaa wa katuni za Kijapani, na siwazuii, maana nami nilianza kwa kunakili. Baadaye nawatuma stendi wakasikilize kwanza, wachore wakirudi. Binti mmoja aliniletea dereva wa bodaboda aliyening'iniza kofia ngumu kiwikoni huku akibishana na abiria kuhusu chenji. Maneno yalikuwa yaleyale aliyoyasikia.

"Mwalimu, lakini huyu hana nguvu zozote," aliniambia.

"Anazo, mwanangu. Hebu msome tena kwa sauti."

Darasa zima lilicheka, kwa sababu kila mmoja alikuwa amewahi kupanda pikipiki ya mtu yule. Kwa hiyo sikubali ninaposikia kwamba vijana hawana cha kuchora. Jarida la Shujaaz, lililoanza nchini Kenya mwaka 2010, limethibitisha kwamba kijana akiongea Sheng yake ndani ya katuni, vijana wenzake watamsoma.

Wanachokosa ni kuwaona waliowatangulia. Nakala za Sani zilifungia karanga na kuwashia mkaa, na watoto ninaowafundisha wanamjua Naruto bila kuwahi kumwona Ndumilakuwili. Ndugu msomaji, kama unazo hata chache ndani ya sanduku au juu ya kabati, tafadhali usizitupe. Zipige picha ukurasa kwa ukurasa, kisha mpe mtoto anayechora hapo mtaani kwako, hata kama jalada limeshang'oka.