Kutoka Inchi Tatu Kurudi Mbili na Nusu

Nilipoanza kazi katika gereji moja ya Dallas, mwanzoni mwa miaka ya 1990, bomba la moshi lilichaguliwa kwa macho na masikio. Mteja alileta Camaro au pikapu yenye V8 ndogo ya Chevrolet, ile ya inchi za ujazo 350, yaani lita 5.7, na swali lake lilikuwa moja: chini ya gari linapita bomba nene kiasi gani? Kwetu Tanga, nilikojifunza kuchomelea sailensa za Land Rover, bomba lilibadilishwa likitoboka, tena kwa saizi ileile ya kiwandani. Kule Dallas unene ulikuwa fahari.

Fahari hiyo ilikuwa na sababu. Tangu magari ya mwaka 1975, yalipoanza kufungwa kataliti ya kusafisha moshi, hata Corvette mabomba yake mawili yaliunganishwa yakawa moja. V8 iliyozaliwa 1955 ikawa inapumua kwa shida, na wenye magari wakakinai kubanwa. Wengi wakataka inchi tatu, ziwe zinafaa au hazifai.

Upande wa pili walikuwapo mafundi wazee walioapa kwamba injini lazima izuiwe moshi kidogo, la sivyo haina nguvu ya kuondokea. Niliwaheshimu, lakini katika hili sikubaliani nao hata leo. Injini haifaidiki kwa kuzuiwa. Inafaidika kwa kasi ya gesi. Vali ya moshi ikifunguka, gesi hutoka kwa kishindo na kukimbia ndani ya mrija wa heda, yaani lile fungu la mirija linalopokea moshi wa kila silinda. Kishindo kikifika kwenye kolekta, mirija minne inapokutana, wimbi la kufyonza hurudi nyuma hadi kwenye vali. Likiwahi wakati vali ya kuingizia imeanza kufunguka, linafagia mabaki ya moshi na kuvuta mchanganyiko mpya. Mrija wa inchi 1⅝ hufanya kazi hiyo vizuri kwenye injini ya barabarani. Weka mnene kupita kiasi, gesi inapoa mwendo na faida inahamia kwenye mizunguko ya juu ambayo dereva haifikii. Wazee waliona gari limelegea, wakadhani limekosa kizuizi.

Lakini hayo ni ya heda. Nyuma ya kolekta kazi ya bomba ni kuutoa moshi bila kuubana, basi. Mambo haya mawili yalichanganywa miaka mingi, na mabishano mengi yalizaliwa hapo.

Kilichotubadilisha ni hesabu. Kwenye maandishi ya David Vizard, mwandishi wa mambo ya injini, tulikuta kwamba nguvu moja ya farasi inahitaji mtiririko wa futi za ujazo 2.2 kwa dakika, na inchi moja ya mraba ya bomba hupitisha kama 115. Bomba la inchi 2.5, ukitoa unene wa bati, lina inchi za mraba 4.4 hivi. Linatosha farasi 230, mawili, 460. Injini ya 350 iliyotengenezwa vizuri kwa barabara hutoa farasi kati ya 350 na 400. Inchi tatu ni za anayepita 500, na zinamletea uzito, mvumo ndani ya gari na taabu ya kupita juu ya ekseli.

Haki yao niwape waliodai inchi tatu zamani: mashine zetu za kukunjia zilibonyeza bomba kwenye kona, na la 2.5 likabaki jembamba pale pale gesi inapogeuka. Mandreli, kile kiini kinachokaa ndani ya bomba linapokunjwa, ilipoingia, kona ikabaki duara, na hesabu ikaanza kusema kweli.

Juzi kijana wa Lubumbashi alileta Chevelle aliyoijenga mwenyewe. “Mzee, niwekee tatu,” akasema. Nikamuuliza imetoa farasi ngapi kwenye mashine ya kupimia. Mia tatu na themanini. Tumekubaliana jozi ya 2.5, na kiungo cha umbo la X nyuma ya kolekta, kwa sababu katika V8 hizi za Chevrolet silinda ya 5 na ya 7 huwaka mfululizo upande mmoja, na mishindo yao inahitaji njia ya kugawana na bomba la pili.