Mizani ya Ndoano

Mabegi kumi, wasafiri watano, wasindikizaji kumi na mmoja, na gari langu lina viti kumi na vinne. Nilisimama uani pale Kikula, mtaa wa Likasi, saa kumi na moja alfajiri, Oktoba 2010, nikahesabu mara mbili kama mtu aliyeibiwa. Mama wa nyumba alikuwa anamfuata mume wake Ubelgiji pamoja na watoto wanne. Bibi yao alikuwa amekwisha kukalia kiti cha mbele, kitenge kipya mwilini, mkoba mapajani, na ilikuwa wazi kwamba hakuna wa kumtoa pale.

Mtu wa Likasi akitaka ndege ya mbali lazima aende Luano, uwanja wa Lubumbashi, mwendo wa kilomita 120 hivi. Tuna shaba, tuna reli, tuna viwanda vya Shituru vilivyojengwa enzi za Union Minière, kampuni ya Wabelgiji, lakini ndege ya Addis Ababa au Nairobi haina habari nasi. Ndipo ikapatikana kazi hii ya katikati, ya kumchukua mtu mlangoni kwake na kumfikisha mlango wa uwanja, yeye na vyote alivyovifunga. Imenizeesha.

Sikuitafuta. Nilikuwa dereva wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, hapo Shituru, miaka kumi na sita. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 tuliondoka kwa mpango wa kuacha kazi kwa hiari, uliolipiwa na pesa za Benki ya Dunia. Wenzangu wengine walijenga. Wengine walifungua duka la sukari na chumvi, likaliwa na watoto wao wenyewe. Mimi nilinunua Hiace. Ilitoka Japani, ikapitia Dar es Salaam na Kasumbalesa, ubavuni ina herufi ambazo mpaka leo sijui zinasema nini. Miaka ya kwanza ilikuwa taxi-bus ya kawaida, Likasi na Lubumbashi, Lubumbashi na Likasi. Mambo ya Luano yalikuja baadaye, mtu akimwambia mwenzake.

Usukani wake uko kulia, na sisi Congo tunapita kulia. Maana yake, ukitaka kulipita lori, jicho lako liko upande wa majani. Anayeona kinachokuja ni abiria wa kiti cha kushoto. Nilikuwa namwuliza, “Iko?” naye anajibu, “Hakuna!” basi napita. Roho za watu wote garini zinakaa kwenye neno moja la mtu niliyemjua nusu saa. Yule bibi wa Kikula, Mungu amrehemu, alikuwa na macho ya mwewe na hofu ya sungura. Kila nilipomwuliza alijibu, “Iko,” hata barabara ikiwa nyeupe mpaka Luisha. Tulikaa nyuma ya lori la shaba kilomita nyingi mno, tukinusa moshi wake, mama akiangalia saa ya simu, mimi nikitabasamu kama mtu mwenye mpango.

Lakini kosa la siku ile halikuwa la bibi. Lilikuwa langu, na lilikuwa limekwisha kutendeka usiku wa kuamkia safari.

Nilikuwa na mizani ya ndoano. Niliuziwa kwa bei ya bure na mnunuzi mmoja wa mawe ya madini aliyebaki bila kazi baada ya serikali kufunga machimbo ya Shinkolobwe mwaka 2004. Ilikuwa mizani nzuri kwa macho: uso wa duara, mshale mwekundu, ndoano nene kama kidole gumba. Usiku ule niliitundika kwenye mwembe wa Kikula, tukapima begi moja moja kwa mwanga wa simu. Ndege iliruhusu mabegi mawili kwa kila mtu, kilo 23 kila moja. Tulitoa, tukarudisha, tukabadilisha, mpaka mabegi yote kumi mshale ukasimama kwenye 23. Tukayafunga kwa skochi, mizunguko minne minne. Nikaenda kulala nikijiona fundi.

Luano, mizani ya kwenye kaunta haikuwa na mshale, ilikuwa na tarakimu nyekundu. Begi la kwanza: 25. La pili: 25. La tatu nilisaidia kuliweka mwenyewe, polepole, kana kwamba uzito ni adabu: 25 na kitu. Dada wa kaunta hakuwa mkali. Alionyesha sakafu kwa kalamu yake tu.

Mama alipiga magoti. Skochi ile niliyoizungusha mara nne ilibidi ikatwe kwa meno, maana visu vilikuwa ndani ya mabegi. Vikatoka vitu: sombe iliyokaushwa, vinkubala (viwavi wetu wa kukaushwa) kwenye mifuko mitatu, chupa ya mawese iliyovishwa soksi juu ya soksi, unga wa bukari, madaftari ya shule ya mtoto mkubwa, sahani za harusi. Watu waliokuwa nyuma yetu kwenye foleni walianza kushauri. Mmoja akasema acheni unga, Ulaya kuna unga. Mwingine akasema acheni sahani. Hakuna aliyesema acheni vinkubala.

Mwishowe mama alitoa makoti. Walikuwa wameyanunua sokoni, mitumba mizito ya sufu, kwa ajili ya baridi ya Ulaya. Akawavisha watoto wote wanne, koti juu ya sweta, sweta juu ya shati, na Oktoba kwetu ndio mwezi wa joto kuliko yote, mvua bado inajivuta. Wakasimama mstari mmoja, nyuso zikimeta jasho, mdogo wao akilia kimya kimya. Hivyo ndivyo walivyoondoka Katanga.

Mimi nilirudi Likasi na gunia la vitu vilivyokataliwa, bibi akiwa kiti kile kile. Hakusema neno mpaka daraja la Lufira. Hapo akaniuliza, “Papa, hii mizani yako uliuzaka wapi?” Kuuza kwetu Katanga ni kununua pia, wageni hutucheka. Nilipomweleza akatikisa kichwa. Mjukuu wake alikuwa amechimba Shinkolobwe.

Nilipofika nyumbani nilitundika gunia la unga la kilo 25, limeshonwa kiwandani, halijafunguliwa. Mshale ukasimama kwenye 23. Nikatundika mawili pamoja: 46. Haikuwa imeharibika. Ilikuwa imefundishwa. Kwa kila kilo 50 za mawe ya mchimbaji ilikuwa inakula nne, na ilipoishiwa wachimbaji ikamla mama wa Kikula.

Watu walinishauri niitupe. Sikuitupa, nilikuwa nimekwisha kuijua, na mwizi unayemjua si shida tena. Niliandika kwa rangi kwenye uso wake: 21. Tangu siku hiyo hakuna begi langu lililopita mshale huo, na watoto wa Panda na Kikula wakaniita Papa Ishirini na Moja. Nilianza kufika siku mbili kabla, siyo usiku wa mwisho, kwa sababu nimeona kwamba usiku wa mwisho mama hana nguvu ya kuchagua, anafunga tu. Nilikuwa nauliza pia pesa ya Go-Pass, kodi ya uwanja wa ndege, wakati huo dola 50 kwa kila kichwa kilichotoka nchini, kama imewekwa kando au imekwisha kuwa vitenge. Na simu za kutoka Kinshasa nilizikatalia kabisa. Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja, na kila mjomba wa kule aliyewahi kutusomea saa ya ndege aliitafsiri kwa wema wake, akatupoteza.

Wasindikizaji walinishinda. Kiti cha nyuma nilikiondoa kwa ajili ya mabegi, nikaweka sheria ya msindikizaji mmoja kwa msafiri mmoja. Sheria hiyo ilivunjwa kila safari, na mara nyingi na mchungaji.

Barabara yenyewe sitaisimulia sana, kila dereva wa njia ile ana yake. Ni malori: shaba kwenda Kasumbalesa, asidi, chokaa. Lufira nilikuwa naivuka mapema makusudi. Mwaka 1961 askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa walizingirwa mjini kwetu, ulipokuwa ukiitwa Jadotville, na wenzao waliotumwa kuwaokoa walishindwa kuvuka daraja hilo hilo. Kama jeshi lilikwama pale, mimi na mabegi yangu ni nani tusiondoke saa moja kabla?

Mara moja saa moja haikutosha. Lori la shaba lilikuwa limelala ubavu, limeziba njia yote, na foleni haikuonekana mwisho. Nilikuwa na baba, mama, mapacha, na mabegi manane. Nikawaona vijana wa makala, yaani makaa, wale wanaosukuma baiskeli zenye magunia kutoka porini mpaka mjini, wanapita pembeni bila kutuangalia. Nikawasimamisha wanne. Walishusha makala yao majanini, wakapakia mabegi mawili kila baiskeli, nasi tukafuata kwa miguu kandokando ya malori, mapacha mgongoni, mpaka upande wa pili ambako taxi-bus ya mwenzangu ilikuwa imekwama ikielekea Likasi. Tulibadilishana abiria, yeye akageuza. Mabegi yalifika kaunta yakiwa meusi. Yalikuwa kilo 23.

Kuna mtu aliniuliza kwa nini nahangaika hivyo na vitu vya watu, wakati dereva mwingine anashusha na kuondoka. Nilimjibu vingine, lakini jibu ni stesheni.

Mwaka 1992 na 1993, Wakasai walipofukuzwa Katanga, maelfu walilala kwenye stesheni yetu ya Likasi na kwenye madarasa ya shule, wiki hata miezi, wakingoja treni. Wengi walikuwa wamezaliwa hapa. Babu zao waliletwa kufanya kazi ya shaba. Stesheni haikuwa na mizani. Mtu alibeba alichoweza: magodoro, masufuria, mabati ya paa. Mmoja wao, jirani yangu, alikuwa fundi wa kushona. Nilimsaidia kwa toroli usiku, kwa sababu mchana niliogopa kuonekana. Mimi ni mtu wa hapa, hakuna aliyeniambia nifunge mzigo, na mchana sikufungua mdomo. Hilo silipambi. Kichwa cha mashine mke wake alikifunga kwa shuka, akakibeba kama mtoto. Miguu ya chuma, pamoja na kanyagio na gurudumu, ilibaki kwangu. “Nitarudi kuikamata,” alisema. Nilisikia baadaye kwamba alifia Mwene-Ditu, kule Kasai.

Mwaka 2018 mwanamke mmoja alinipigia simu, amekuja kutoka Brussels na watoto wawili kuona mahali alipozaliwa, anataka gari la kumrudisha Luano. Nilipofika alitaja mtaa wa utoto wake, halafu jina la baba yake. Nilizima gari.

Nilimpeleka kwangu. Ile miguu ya chuma nilikuwa nimeitilia ubao, ndiyo meza iliyo chini ya mizani. Aliinama, akaweka kiganja kwenye kanyagio, akalisukuma. Gurudumu likazunguka likilia. Akasema anaibeba. Tuliifunga kamba nikaitundika: 24, yaani 26 za kweli. Akakaa kimya, watoto wake wakamwangalia yeye, kisha mimi. Halafu akauliza, “Papa, uko na spana?”

Boliti zilikuwa zimeshikana kwa kutu, zilitula saa nzima na mafuta ya taa. Alilizungushia kanyagio kitenge, akalilaza katikati ya nguo, nikapima. Mshale ukapita 21 kidogo. Akafungua begi tena, akatoa koti lake, akalivaa.

Meza bado iko kwangu, bila kanyagio. Watoto wa jirani wakija hulizungusha gurudumu kwa mkono.