Sahani ya Lagos Iliyopikwa New York

Niliuza santuri River Road, Nairobi, tangu ujana wangu hadi kanda zilipotufukuza sokoni. Enzi za sahani ndogo, wimbo mrefu wa rumba au benga ulikatwa vipande viwili: upande wa kwanza maneno, ukigeuza wa pili magitaa yanachemka. Sahani za James Brown nazo zilikatwa vivyo hivyo, kwa hiyo wateja wangu hawakuziona ngeni. Mkaidi alikuwa Fela Kuti wa Lagos. Wimbo wake mmoja ulimeza upande mzima wa LP, na mwenye duka ndiye aliyeulizwa mbona nyimbo mbili tu kwa bei yote hiyo.

Kufikia mwisho wa miaka ya 1990, sahani zilizosalia zilikuwa zimerundikwa nyuma ya duka, zikitafutwa na vijana wachache wenye wazimu wao. Mmoja wao, aliyetoka masomoni New York, aliniletea LP iitwayo Soul Explosion ya bendi ya The Daktaris. Jina la bendi la kwetu, majina ya wapigaji ya Kinaijeria.

"Mzee, hawa ni watu wa Lagos wa zamani. Nitafutie sahani zao nyingine."

Nikashusha sindano. Dramu ilikuwa kavu, besi nzito, tarumbeta zina ukwaru kana kwamba zimerekodiwa jikoni. Muziki mtamu, sitanii. Ila nyimbo zilikuwa fupi fupi. Ikapita "Upside Down" ya Fela, ambayo mwaka 1976 iliimbwa na Sandra Izsadore na ikajaza upande mzima. Hawa walikuwa wameipunguza. Kulikuwa pia na "Musicawi Silt" ya Walias Band wa Addis Ababa, na ndani ya sahani hiyo hiyo wimbo wa James Brown. Lagos, Addis na Marekani kwenye LP moja?

"Kijana," nikamwambia, "aliyetengeneza kitu hiki ana masikio ya mwenye duka. Amekusanya santuri kama mimi."

Baadaye ukweli ulijulikana. Sahani ilitolewa mwaka 1998 na Desco, lebo ya New York ya Gabriel Roth na Philippe Lehman, waliokuwa wamekwisha kutoa hata muziki wa filamu ya kung-fu ambayo haikuwahi kuwapo. Wimbo mmoja waliuita "Eltsuhg Ibal Lasiti". Zisome herufi kinyumenyume, utakuta Kiingereza kinachokiri kwamba yote ni ujanja wa mjini. Baadhi ya wapigaji wakawa Antibalas, bendi iliyopiga muziki wa tamthilia ya Fela! kule Broadway mwaka 2009.

Kijana alijiona ametapeliwa. Mimi muziki haukuniudhi hata kidogo. Kilichonichoma ni yale majina. Nimewajua wapiga besi waliorekodi sahani nyingi mjini hapa bila kuandikwa popote, kwani karatasi ya katikati ilitaja bendi na mtunzi, basi. Na hawa wasiokuwapo duniani wameorodheshwa kwa heshima zote!

Hata hivyo nilimwomba aniachie sahani kwa muda. Asubuhi iliyofuata nikaipiga mlango ukiwa wazi, sauti juu. Kondakta wa matatu akaacha abiria wake wakigombania viti, akaingia kuuliza bei. Nikamtajia, na nzuri tu, ingawa mali haikuwa yangu.