Wenyeji wa Harlem

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Harlem ilikuwa bado mtaa ambamo Mwafrika aliyetua New York bila ndugu angeweza kuanzia maisha. Nilipata kazi ya kusuka nywele katika saluni moja karibu na 125th Street. Wenzangu walitoka Senegal, Mali na Ivory Coast. Wengi wao walikaa upande wa 116th Street, kwenye msikiti, migahawa ya wali na samaki na maduka ya vitambaa yaliyofuatana mlango kwa mlango. Mimi Mtanzania sikuwa na wa kuzungumza naye Kiswahili, lakini aliyejua kusuka rasta hakuulizwa kwao wapi.

Wateja wetu walikuwa wanawake Weusi wa Harlem: manesi, walimu, makarani. Misuko myembamba hula nusu siku nzima, na mteja hawezi kunyamaza muda wote huo. Historia ya mtaa nilifundishwa hivyo, vidole vikiwa kazini. Nilisimuliwa habari za wazazi waliotoka South Carolina na Georgia wakikimbia ubaguzi na mashamba ya pamba, na za umati uliojaa nje ya Hotel Theresa mwaka 1960, Fidel Castro alipofikia pale.

Lakini waliyoyarudia zaidi yalikuwa ya miaka ya sabini. Kwa miongo mingi benki zilikataa kukopesha fedha za nyumba Harlem. Wenye nyumba wengi waliacha kufanya matengenezo, wengine wakayatelekeza majengo yao kabisa, na jiji likayatwaa kwa madeni ya kodi. Waliobaki ndio walioziba mapaa, wakachangishana fedha za mafuta ya kupashia nyumba joto, wakafagia ngazi na kulea watoto wa jirani.

Bibi mmoja niliyekuwa nikimsuka alikuwa miongoni mwa hao. Jumamosi za kiangazi alinichukua twende Marcus Garvey Park kusikiliza ngoma. Wapigaji walikuwa wakikutana pale tangu mwaka 1969: Wamarekani Weusi, watu wa visiwa vya Karibiani na Waafrika, ngoma zikijibizana mpaka usiku. "Mwanangu," aliniambia, "kuna wakati watu waliogopa kupita hapa. Hizi ngoma ndizo zilizoturudishia bustani yetu."

Mwaka 2007 wakazi wa jengo jipya la kifahari lililo mkabala na bustani walilalamikia kelele, na wapigaji wakahamishiwa sehemu nyingine ya bustani hiyohiyo. Januari 2008 likafungwa duka la santuri la Bobby Robinson, lililokuwapo tangu mwaka 1946. Aprili, Baraza la Jiji likapitisha mpango ulioruhusu majengo marefu zaidi kando ya 125th Street. Saluni yetu nayo ilipandishiwa pango tukashindwa kulipa, tukafunga.

Wapo wanaosema hivyo ndivyo miji inavyokua. Mimi niliona mkono wa sheria. Kwa nyumba za kuishi, sheria ya jimbo la New York ya mwaka 1997 ilimruhusu mwenye nyumba kupandisha pango lililodhibitiwa kwa takriban asilimia 20 kila mpangaji alipotoka. Likishafika dola 2,000 kwa mwezi na nyumba ikawa tupu, udhibiti uliondoka. Kwa hiyo mpangaji aliyeishi pale miaka arobaini alihesabiwa kuwa hasara, na faida ilikuwa kumwona akihama. Yule bibi niliyemsuka alianza kuletewa barua za kumshawishi apokee fedha aondoke. Bomba likipasuka, fundi haonekani. Mwishowe alikubali, akaenda kuishi kwa mwanawe South Carolina, jimbo lilelile walilolikimbia wazazi wake.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Harlem mgeni alikuja, maduka yakajaa, barabara zikapendeza, na mwenyeji akafungasha. Silaumu ugeni, mimi mwenyewe nilikuwa mgeni na wenyeji wale walinipokea. Ninacholaumu ni utaratibu uliowapa wenye fedha matunda ya kazi ya watu waliobaki wakati kila mtu alikimbia. Kati ya mwaka 2010 na 2020, Harlem ya Kati ilipoteza wakazi Weusi zaidi ya 10,000. Jimbo la New York lilifuta kanuni zile za pango mwaka 2019, wengi wakiwa wameshaondoka.

Apollo Theater bado ipo, na majina ya mashujaa yamo kwenye vibao vya barabara. Ni vema yakabaki, ila kibao hakimlindi mtu asihamishwe. Viongozi wa mji wowote wanaotaka kuhifadhi utamaduni wa mtaa na waanze na mpangaji wa siku nyingi: wampe mkataba usiovunjwa ovyo, na pango analoliweza.