Kumi na sita au kumi na minane?

Nimerudi juzi kutoka Mabawe, kule Ngara, jirani kabisa na Burundi. Nilikwenda kutafuta habari za kahawa, nikarudi na nyingine.

Asubuhi moja nilikuta watu wamejaa mbele ya duka. Dogo mmoja kakutwa na simu ya mwenye duka mfukoni. Kelele za "mwizi!" zilishaanza, na sote tunajua huwa zinaishia wapi. Bahati yake mzee mmoja akasimama katikati, akasema apelekwe kwa mtendaji.

Kule akaulizwa umri. Akajibu kwa kifua mbele: "Kumi na minane." Mama yake, aliyefika anahema, akanigeukia: "Ana kumi na sita, mwanangu. Anajikuza tu." Cheti cha kuzaliwa? Hakuna.

Dogo hakujua amejiponza kiasi gani. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na mtoto hahukumiwi kifungo. Kesi yake ni ya Mahakama ya Watoto, inasikilizwa faragha, mzazi na ofisa ustawi wa jamii wakiwepo. Anaweza kuachiwa kwa masharti, au kupelekwa shule ya maadilisho kama ile ya Irambo, Mbeya.

Ukishafika 18, hadithi ni nyingine. Wizi wa kawaida, Kanuni ya Adhabu inaruhusu hadi miaka 7. Ukimpiga mwenye duka ili usepe na simu yake, huo si wizi tena, ni unyang'anyi, na adhabu yake ni kubwa zaidi. Ukimtishia kwa panga, si chini ya miaka 30. Simu ni ileile moja!

Nikamuuliza mama kama ana kadi ya kliniki. Akaenda mbio nyumbani, akarudi nayo imechakaa, lakini tarehe inasomeka. Mahakama inatakiwa kuchunguza umri, na karatasi ile ilikuwa na uzito kuliko maneno yetu wote. Nilipoondoka, suala lilikuwa linakwenda polisi, na kadi imo mkononi mwa mama.

Sasa niwaambie siri. Nikiwa na miaka 13 niliiba biskuti dukani, mtaani kwetu. Mwenye duka alinikamata mkono, akanitazama, akasema, "Wewe si mtoto wa fulani?" Nikafagia duka lake wiki nzima, yakaisha. Leo naandika habari za wezi. Sikuwa mwema kuliko yule dogo. Mimi nilijulikana tu ni mtoto wa nani.

Una mdogo wako kijijini? Cheti chake kipo? Kama hakipo, anza na RITA wiki hii. Na mwambie akiulizwa umri, asijikuze.